Boksi la uzi usioonekana kwa wanaoanza: uzi safi, mwalimu mvivu

Mimi ni fundi cherehani na riziki yangu inatoka kwenye uzi, kwa hiyo mtu akiniambia anauza uzi usioonekana sianzi kushangaa. Nauliza ni uzi wa nini, una unene gani, na unakatika ukibebeshwa nini. Boksi hili halijibu hata swali moja. Kwenye kifuniko kuna picha ya kijana aliyevaa koti jeusi, noti inaelea kati ya viganja vyake, na maandishi makubwa yanakuahidi kwamba utawaacha watu midomo wazi leo hii hii. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu maboksi ya kujifunzia mazingaombwe ya kuelea yanakaribiana sana kwa vilivyomo, na mengi nitakayosema yatakufaa hata ukinunua jingine.

Ndani utakuta kadi ndogo iliyozungushiwa fungu la uzi mweusi, vitanzi vitano vya mvutiko vilivyopachikwa kwenye karatasi, nta laini kwenye kikopo kisichozidi upana wa kifungo cha koti, kijisanduku cha plastiki chenye springi kinachouvuta uzi urudi ndani wenyewe, na karatasi yenye msimbo wa kupiga kwa simu ili ufungue video za mafunzo. Kibano hakuna. Kitambaa cheusi cha kufanyia kazi hakuna, na bila hicho mgeni wa mambo haya hawezi hata kuanza.

Uzi wenyewe nimeutambua nilipoushika. Ni nailoni ile ya sufusufu tunayoiweka kwenye mashine ya ovaloki kumalizia nguo za kuvutika, chupi, nguo za michezo, mavazi ya kuogelea. Uzi wake mmoja ni mkusanyiko wa nyuzi nyingi nyembamba zilizolala pamoja bila kusokotwa, na ukichomoa mmoja peke yake, huo mmoja ndio wanaouita usioonekana. Simlaumu muuzaji kwa hilo. Wafanya mazingaombwe wamechambua nailoni ya namna hii kwa miaka mingi, na kabla yake walitumia unywele mrefu au hariri. Unyuzi mmoja wa nailoni hii unaweza kuwa na unene wa milimita 0.02 hivi, wakati unywele wa binadamu unacheza kati ya 0.05 na 0.1. Ninachomlaumia ni kuandika kwenye boksi kwamba ni uzi wa siri uliotengenezwa maalumu. Fundi yeyote mwenye ovaloki ana mzigo wa siri hiyo juu ya mashine yake.

Kwa sisi watu wa nguo kuna jambo la kuchekesha hapa. Nyuzi kuu tatu zinazotajwa na watu wa fani hii zimetoka nyumba moja, kampuni ya DuPont ya Marekani. Nailoni ilipatikana kwenye maabara ya Wallace Carothers mwaka 1935. Spandex, ile inayovutika na kurudi, ni kazi ya Joseph Shivers, mwaka 1958. Kevlar ni ya Stephanie Kwolek, mwaka 1965. Waliokuwa wakihangaika na soksi za kina mama na matairi ya magari waliwapa wafanya kiini macho vifaa vyao vyote. Kevlar haimo kwenye boksi hili, na kwa anayeanza ni heri hivyo. Ina nguvu ajabu, lakini haivutiki, rangi yake ya asili ni ya manjano kwa hiyo sharti iwekwe weusi, na ukikosea kipimo cha mkono haikusamehi kama nailoni.

Kuchambua ndiyo kazi ya kwanza, na ndipo wengi watakapolitupa boksi chini ya kitanda. Tandika kitambaa cheusi mezani. Kaa ubavu kwa dirisha ili mwanga ukatize juu ya kitambaa badala ya kukumulika usoni. Kata kipande cha fungu chenye urefu wa mkono wako, fumua ncha moja kwa kuisugua kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ichanue, kisha iguse kwa chembe ya nta na uinue polepole. Unyuzi mmoja utaifuata nta ukijitenga na wenzake. Mkono wa pili ulishike fungu kwa kulegea, kwa sababu ukilibana, nyuzi zilizobaki zinajikunja juu ya mkato wako na kufanya fundo, na fungu zima linakuwa takataka. Unyuzi ukishaachana na wenzake macho yanaupoteza palepale. Kuanzia hapo unaujua kwa kuuhisi tu, mguso mwepesi unaopita mgongoni mwa kidole na kukufanya utake kujikuna. Bandika chembe ya nta kwenye ncha zote mbili kabla hujauweka chini. Uzi wenye nta unapatikana, usio na nta umekwenda na maji.

Haya niliyoyaandika kwenye aya moja, video haiyasemi. Mwalimu anaonyesha fungu, picha inakatika, na mara anao uzi tayari mkononi. Nimerudisha nyuma kutazama kama nimepitwa na kitu. Sikupitwa.

Nta ni nzuri. Ni laini bila kuyeyuka, inashika ukiikandamiza kidogo na kuachia bila kuacha doa kwenye kitambaa cha pamba. Kwenye hariri isogeze mbali. Weka chembe moja nyuma ya kifungo cha shati lako ili iwe akiba ya siku zote, na usiiache kwenye jua.

Sasa vitanzi, maana hivi ndivyo vinavyookoa boksi. Kitanzi ni duara la uzi wa mvutiko, mwembamba vilevile, ambao unauvaa kwenye kifundo cha mkono na kuendelea na shughuli zako. Ukitaka kufanya kitu, unaudaka kwa kidole cha mkono wa pili na tayari una uzi uliotanda kati ya mikono miwili. Hakuna kubandika sikioni, hakuna kujifungia chumbani dakika nzima ukijitayarisha. Kalamu iliyolala mezani inajiviringisha kuelekea kwako. Kijiti cha kiberiti kilichosimamishwa kinaanguka ukikiamrisha. Pete nyepesi inapanda kutoka kiganjani. Kwa anayeanza, kitanzi kinamfundisha kitu ambacho uzi mrefu hauwezi kumfundisha haraka, nacho ni kwamba mikono inatakiwa kusogea kidogo sana. Mvutiko wenyewe unabeba makosa madogo ya mkono. Vitakatika, vyote, hilo lijue mapema. Mkono wenye ngozi iliyopasuka au kucha iliyokwaruzika unavimaliza haraka, kwa hiyo piga tupa kucha zako na upake mafuta usiku uliotangulia, si muda mfupi kabla ya kuanza, kwa sababu mafuta mabichi yanaifanya nta isishike.

Na kwa nini uzi unakatika? Video inasema tu "kuwa mpole". Mpole ni neno la kumwambia mtoto anayembeba paka. Tatizo ni la hesabu na linaeleweka. Ning'iniza noti ya gramu 1 katikati ya uzi ulioshikwa pande mbili. Kama kila upande umeinama digrii 30 kutoka usawa wa sakafu, kila upande unabeba gramu 1. Ukizitenga ncha zaidi mpaka mwinamo ubaki digrii 5, kila upande sasa unabeba karibu gramu 6, ilhali noti ni ileile. Ni habari ya kamba ya kuanikia nguo: ukitaka inyooke kabisa na nguo mbichi juu yake, utang'oa nguzo kabla haijanyooka. Anayeanza anaona aibu ya ule mwinamo, anadhani watu wanauona, anatenga mikono ili uzi ukae sawasawa, na uzi unamkatikia usoni pa wageni. Uache uiname. Hauonekani, utainama mbele ya nani?

Kwa sababu hiyohiyo chagua vizuri cha kuinua. Noti ya dola ya Marekani ina uzito wa gramu 1 hivi, na noti nyingine nyingi haziko mbali. Karatasi ya A4 ya kawaida, ile ya gramu 80 kwa mita moja ya mraba, ina uzito wa gramu 5, kwa hiyo robo yake ni gramu moja na robo, na hiyo robo iliyofinyangwa kuwa kijimpira ndiyo ninayoipendekeza kwa mazoezi. Karata moja inakaribia gramu 2 na ni bapa, inashika upepo, inazunguka pasipo ruhusa. Iache ya baadaye. Kwenye picha ya boksi kuna kijiko kinaelea. Kijiko cha chuma cha mezani kwa unyuzi mmoja wa nailoni hii? Labda kijiko cha kwenye picha.

Mtindo mkuu unaofundishwa ni wa sikio. Ncha moja ya uzi inabandikwa kwa nta nyuma ya sikio, nyingine kwenye kifungo cha chini cha shati au ukingo wa meza, na kitu kinachoelea kinabandikwa katikati. Mikono yako inapita chini ya uzi na kuuinua, kila mmoja upande wake wa kitu. Ukitenga mikono kitu kinapanda, ukiikusanya kinashuka, ukiegemea nyuma kiunoni kidogo kinapanda pia. Maelezo haya ya video ni sahihi na nayasifu, hasa sehemu ya kuegemea, kwa sababu hapo ndipo kitu kinapopanda huku mikono imetulia tuli, na mtazamaji anayeichunga mikono hana pa kushika. Kilichokosekana ni urefu. Watu hatulingani. Uzi unaomtosha kijana mrefu wa kwenye video unanilegea mimi mpaka magotini. Kipimo changu, na nakitoa bure: simama wima, bandika ncha sikioni, nyosha mkono mmoja mbele kana kwamba unampa mtu kikombe, na uzi uishie hapo kwenye kiganja ukiwa umeinama kidogo. Hapo kata, bandika nta.

Tuje kwenye mwanga, ambao nisipousema nitakuwa nimekudhulumu. Mwalimu amevaa nguo nyeusi, nyuma yake pazia jeusi, taa moja imetundikwa mbele juu. Anasema kwa kujiamini kwamba unaweza kufanya popote. Popote gani? Kamera ya simu inaupoteza uzi ambao jicho la mtu aliyekaa mbele yako linaudaka, kwa hiyo video si ushahidi wa lolote. Adui wa kwanza ni dirisha nyuma yako au ubavuni, kwa sababu mwanga unaotoka nyuma ya uzi unaufanya umeremete, na mmeremeto mmoja tu unatosha. Ndiyo maana kuchambua tunakaa karibu na dirisha na kuonyesha tunalikimbia. Adui wa pili ni balbu moja kali yenye uzi unaocheza chini yake. Taa nyingi hafifu zilizosambaa ni rafiki. Ukuta mweupe mtupu si mzuri kama watu wanavyofikiri, kwani uzi mweusi unaweza kuchora mstari juu yake. Kinachouficha uzi kuliko vyote ni fujo: shati la drafti, kitenge chenye maua mengi, rafu ya vitabu nyuma yako. Hapa nina faida, nguo ninazoshona siku nzima zimejaa maua. Ule weusi mtupu wa koti la kwenye kifuniko ni mapambo tu. Na kama uzi bado unang'aa, upitishe polepole kwenye ncha ya kalamu ya wino mweusi usiofutika, uache ukauke. Unapoteza ung'avu wake.

Feni izimwe. Kiyoyozi pia. Hili nalo video halilisemi, na pumzi yako mwenyewe ni upepo.

Mpwa wangu, mvulana ambaye bado anapoteza meno ya utoto, ndiye mkaguzi wangu mkuu. Nilimwinulia kijimpira cha karatasi juu ya meza ya kukatia nguo. Kilipanda vizuri, kikasimama, kikashuka. Hakuuona uzi. Akanitazama mimi, si karatasi, akasema, "Shangazi, mbona umeacha kupumua?"

Hapo ndipo penye kasoro kubwa ya boksi hili na yote yanayofanana nalo. Yanauza siri wakati siri si tatizo. Watu wazima wakiona kitu kinaelea neno la kwanza vinywani mwao ni uzi, hata kama hawauoni, na hawajakosea. Kinachowafanya waache kusema uzi ni mwili wa anayefanya: mabega yamelegea, macho yanaifuata noti kama anavyoifuata mtu asiyejua itaelekea wapi, mikono ina sababu ya kuwa pale ilipo. Kwenye video zote za mafunzo somo la mikono na macho limepewa muda mfupi kuliko utangulizi wenye muziki. Kuna sehemu ndefu mwalimu anahubiri kwamba lazima uamini uchawi wako. Mimi sihitaji kuamini, nahitaji kuonyeshwa kidole cha pete kikae wapi.

Kuna mfano mmoja ambao kila anayeshika uzi angepaswa kuanza nao. Mmarekani David P. Abbott, aliyekuwa akiishi Omaha, alikuwa akielesha mpira wa dhahabu sebuleni mwake mbele ya wageni aliowaalika, na wafanya mazingaombwe wakubwa wa enzi zake walisafiri kwenda kuuona. Kazi yake ilimfikia Theo Bamberg, aliyejulikana jukwaani kwa jina la Okito, naye akauzungusha mpira wake kwenye majukwaa ya nchi nyingi. Miongo mingi baadaye Teller, yule asiyesema wa jozi ya wafanya mazingaombwe wa Marekani, Penn & Teller, akalichukua wazo la Abbott na kulifanyia mazoezi kwa muda mrefu sana mpaka akapata onyesho la mpira mwekundu unaomfuata jukwaani kama mnyama anayefundishwa. Kabla hajaanza, Penn anatoka na kuwaambia watazamaji waziwazi kwamba wanachokwenda kuona kinafanywa kwa kipande cha uzi tu. Wanaambiwa, halafu wanakaa wanashangaa vilevile. Mwalimu wa boksi angetumia dakika tano kueleza kwa nini inakuwa hivyo, ningempa nyota ya nne.

Badala yake karatasi ya ndani inakudokezea kwamba ukimaliza hatua hizi utakuwa njiani kuwaelesha watu. Huko si njia moja. Jean-Eugène Robert-Houdin alipomlaza mwanawe hewani mjini Paris mwaka 1847, akiwaaminisha watu kwamba ni kazi ya dawa ya etha, hakukuwa na unyuzi wa kuchambua. David Copperfield alipoonyesha kuruka mwaka 1992 alitumia mtambo wa John Gaughan, uliopewa hataza Marekani mwaka 1994. Hizo ni kazi za mafundi chuma na majukwaa. Hii yetu ni ya noti, pete, karatasi na meza ndogo, na hakuna ubaya.

Kijisanduku cha springi nakipa maneno machache kwa sababu ndicho kibovu. Wazo ni zuri: uzi unakaa ndani, unauvuta ukiutaka, ukiuachia unarudi, huna haja ya kuuhifadhi kwenye kadi. Cha humu springi yake ina nguvu kuliko uzi. Ukivuta taratibu kinagoma, ukiongeza nguvu kinaruka, uzi unakatika mdomoni mwake na ncha inazama ndani. Nilikifungua, kama ninavyofungua kibobini kinachokwama, nikakuta ukingo wa tundu la kutokea una ncha kali ya plastiki iliyobaki kiwandani. Niliukwangua kwa kipande cha msasa laini na sasa kinavuta vizuri zaidi, ingawa springi ni ileile. Mnunuzi asiye na zana afanyeje? Vijisanduku vizuri vya aina hii vipo sokoni, vinauzwa peke yake, na wanaoonyesha mara kwa mara wanavitegemea. Hiki ni cha kujazia nafasi kwenye boksi.

Kwa wenye watoto wadogo nyumbani, naomba msikie hili kutoka kwa mtu anayeokota nyuzi sakafuni kila jioni. Unyuzi ulioanguka unaweza kujifunga kwenye kidole cha mguu cha mtoto mchanga, ukaingia kwenye ngozi na kuzuia damu, na wewe huuoni. Madaktari wanaijua hali hiyo, kwa kawaida inasababishwa na nywele, na mtoto anayelia bila sababu hukaguliwa vidole. Sasa fikiria uzi uliotengenezwa usionekane. Fanya kazi zako juu ya kitambaa kimoja, kikung'ute nje, na usiuache uzi umetanda chumbani kati ya vitu viwili hata kwa dakika moja, maana atakayepita ukamgusa machoni hatakuwa amekosea. Boksi limeandika umri wa kuanzia miaka minane. Kwa uzi wa kuchambua mimi ningesema kumi na mbili, kwa vitanzi minane sawa, akiwepo mkubwa. Na mshumaa usiwe karibu, nailoni inayeyuka.

Nani anunue? Kijana au mtu mzima mwenye mikono mitulivu, anayeweza kukaa na kitu kidogo bila kukasirika, na ambaye hana njia nyingine ya kupata vitu hivi vyote pamoja. Atapata uzi wa kutosha kuvunjavunja mpaka vidole vizoee, nta nzuri, na vitanzi vya kumwonjesha. Asitegemee video imfundishe, aitazame sehemu ya kuegemea na sehemu ya kubandika nta, nyingine aziruke. Asiyestahimili vitu vinavyokatika ajifunze mbinu za karata au za sarafu kwanza, ambazo vifaa vyake havipotei ukipiga chafya. Mwenzangu fundi ambaye tayari ana nailoni ya ovaloki hana sababu ya kulinunua. Atafute nta na vitanzi, mengine anayo dukani kwake.

Kwa uzi na vitanzi ningetoa nyota nne, kwa nta tano, kwa kijisanduku moja, kwa mafunzo mbili. Jumla naiweka tatu, nikiwa mkarimu. Nimeshaagiza vitanzi vingine, pakiti yenye vitanzi pekee bila boksi, na mpwa wangu ameahidiwa viwili ikiwa atakata kucha.